UZI MAALUMU: Kurudi chuo ukubwani, kuanzia transkripti ya zamani hadi kusomesha wengine

Mzee wa Masjala

Wakuu, kila msimu wa udahili ukifunguliwa maswali ni yaleyale. Niliacha chuo mwaka wa pili, krediti zangu (uzito wa masomo niliyofaulu) bado zipo? Nina stashahada ya zamani, naanzia wapi? Tuyamalize humu. Ombi langu ni moja: tuweke hatua, hesabu na mitego. Visa vya maisha vina nyuzi zake.

Naanza na karatasi, maana wengi huchagua chuo, wakalipa ada ya maombi, ndipo wakaanza kusaka vyeti. Igeuze. Karatasi kwanza, chuo baadaye.

Transkripti rasmi (orodha ya masomo na alama zako) omba angalau mbili, ziwe kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, au masjala ya chuo cha zamani izitume yenyewe kwa chuo kipya. Bahasha uliyoifungua kwa mkono wako mara nyingi haipokelewi. Kabla ya kuomba, pita ofisi ya fedha na maktaba uulize kama unadaiwa. Kitabu kimoja kisichorudishwa miaka 12 iliyopita kinaweza kuzuia transkripti, na hakuna atakayekupigia simu kukwambia. Halafu panga mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho na transkripti, usome majina herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo, ila usingoje igunduliwe na mtu wa udahili siku mbili kabla dirisha halijafungwa.

Karatasi inayosahaulika kuliko zote ni muhtasari wa kila somo ulilosoma, tena wa mwaka uleule uliosoma, si wa sasa. Transkripti inasema "Takwimu I, krediti 3, B". Haisemi ulifundishwa nini. Chuo kimoja somo hilo ni nadharia ya uwezekano, kingine ni kuchora majedwali. Anayetathmini hulinganisha mada, saa na vitabu vya kiada. Akikosa muhtasari, ama atalikataa somo, ama atakupa krediti "za jumla" ambazo hazifuti somo lolote la lazima kwenye programu mpya. Hapo ndipo watu wanapoumia: unaambiwa krediti 40 zimekubaliwa, unashangilia, kumbe zilizofuta masomo ya lazima ni 15 tu.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya muhula, pata majibu ya maandishi kwa haya: krediti ngapi zinafuta masomo ya lazima, na ni masomo gani, somo linahesabika limepitwa baada ya miaka mingapi, ni krediti ngapi lazima uzisomee hapohapo ndipo upewe shahada yao, na alama za zamani zinaingia kwenye GPA (wastani wa alama zako zote) au zinahamishwa krediti peke yake.

Kuhusu ukomo wa miaka, vyuo vingi huweka 5 hadi 10 kwa kompyuta, tiba na masomo yanayobadilika haraka kama kodi. Historia, fasihi na hisabati za msingi huvumilika zaidi. Jibu la mdomo dirishani si jibu. Ofisa akihama kitengo linaondoka naye.

---

BintiTakwimu

Shikamoo Mzee. Naongezea hapo kwenye GPA, kwa sababu hilo swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana.

Chukua mtu aliyeacha na krediti 40 zenye wastani wa 2.0. Hizo ni pointi 80. Akirudi akasoma krediti 60 kwa wastani wa 3.5 anapata pointi 210. Jumla ni pointi 290 kwa krediti 100, yaani 2.9. Amesoma vizuri sana na bado hajafika 3.0. Chuo kinachohamisha krediti bila alama kingempa 3.5 kwa krediti zilezile 60.

Maana yake ni kwamba mwenye alama mbaya za zamani hapaswi kukimbilia chuo chake cha awali kwa sababu tu "wananijua". Mwenye alama nzuri za zamani ndiye wa kurudi pale. Na kama chuo cha awali kina utaratibu wa kurudia somo na kufuta alama ya kwanza, uliza kama alama ya zamani inafutwa kabisa au zote mbili zinahesabiwa kwa wastani. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Jambo jingine, usilinganishe namba za krediti za mifumo tofauti hivihivi. Kwenye mfumo wa Ulaya, ECTS, mwaka mzima ni krediti 60 na krediti 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi yote. Uingereza mwaka ni krediti 120 na krediti 1 ni saa 10. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 zote pamoja, ambapo krediti 1 ni saa 1 darasani na 2 nje ya darasa kila wiki kwa muhula wa wiki kama 15, yaani saa 45. Kwa hiyo somo la krediti 3 la Marekani linakaribiana na la krediti 6 za ECTS au 12 za Uingereza. Kuna watu hukata tamaa kwa kuona "3" pale walipotarajia "12".

---

Mwanagenzi40

Shikamooni wakubwa. Je, kama nilisoma nchi nyingine? Naambiwa karatasi za nje hazina thamani.

---

Mzee wa Masjala

Marahaba Mwanagenzi. Hayo ni maneno ya vijiweni. Upo Mkataba wa Lisbon wa 1997 wa kutambuana sifa za elimu ya juu, hasa kwa Ulaya, na upo mkataba wa dunia wa UNESCO uliopitishwa 2019 na kuanza kufanya kazi Machi 2023. Kwa nchi zilizoridhia, msingi wake ni huu: sifa itambuliwe isipokuwa chuo au mamlaka ikionyesha tofauti kubwa ya kweli. Mzigo wa kuthibitisha tofauti uko kwao. Ukikataliwa una haki ya kupewa sababu na ya kukata rufaa. Lakini mzigo wa kuleta taarifa kamili uko kwako, na hapo tunarudi kwenye muhtasari wa masomo pamoja na tafsiri iliyothibitishwa.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha chuo unachokwenda kina ithibati, na programu yenyewe ina ithibati. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku programu yake mpya ya uuguzi au uhandisi haijakubaliwa na bodi ya taaluma. Angalia kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Tangazo la chuo si ushahidi. Ukiona wanatoza kwa shahada badala ya muhula, wanakupa shahada nzima kwa "uzoefu wa maisha" bila mtihani, na ithibati yao imetolewa na bodi isiyojulikana na serikali yoyote, funga ukurasa.

---

Kalamu Nyekundu

Kwa kuwa "uzoefu wa maisha" umetajwa, tutenganishe. Utapeli ni shahada nzima kwa uzoefu. Kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini ni utaratibu halali, na vyuo vingi vinao, ila una kikomo cha krediti na una kazi nzito.

Majalada mengi ya ushahidi wa ujuzi huo hukataliwa kwa kosa moja: mwombaji ameandika alichofanya badala ya anachojua. "Nimesimamia ghala miaka 9" haina krediti ndani yake. Chukua muhtasari wa somo unaloomba usamehewe kulisoma, toa matokeo tarajiwa ya somo, kwa kawaida huwa 4 hadi 8, kisha kila tokeo lipe ushahidi wake. Tokeo likisema "mwanafunzi aweze kukokotoa kiwango cha kuagizia upya bidhaa", weka jedwali ulilokokotoa, eleza kanuni uliyotumia, na useme kwa nini ulichagua akiba ya tahadhari ya ukubwa ule. Tokeo lisilo na ushahidi liache wazi, useme litapimwa kwa mtihani. Mtathmini akiona umejaza kila kisanduku kwa maneno matupu, anaanza kutilia shaka hata vile ulivyovithibitisha.

Barua ya mwajiri nayo huandikwa vibaya. Sifa kama "mchapakazi na mwaminifu" hazipimiki. Inatakiwa iseme cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, majukumu, vifaa au programu ulizotumia, ukubwa wa kazi (watu wangapi, mizigo mingapi kwa mwezi) na kiwango cha usimamizi. Andaa rasimu mwenyewe, yeye arekebishe na kusaini.

Majalada hukaa wiki nyingi mezani. Usijiandikishe somo unaloliombea msamaha kabla jibu halijatoka. Vyuo vingi vikiona umeshaandikishwa vinafuta ombi.

---

Ngumi Jiwe

Ushauri mzuri, ila mnarefusha mambo. Mtu mzima hana muda wa kupoteza. Chukua masomo matano kila muhula, jifunge mkanda, maliza. Ukianza na somo mojamoja utahitimu na wajukuu.

---

BintiTakwimu

Ngumi Jiwe, mkanda haubadilishi idadi ya saa. Wiki ina saa 168. Toa usingizi wa saa 7 kwa usiku, zinabaki 119. Toa kazi na safari ya kazini saa 50, zinabaki 69. Kula, kuoga, usafi na mambo ya nyumbani saa 4 kwa siku, zinabaki 41. Familia, ibada, ugonjwa wa mtoto, msiba, foleni: weka 16. Zinabaki 25.

Somo la saa 150, kama lile la krediti 6 za ECTS, likisambazwa kwa wiki 15 ni saa 10 kwa wiki. Masomo matano ni saa 50. Una 25. Na hizo 25 si saa nzima zenye akili. Zimo dakika 20 huku na 35 kule, na jioni ambazo macho yanasoma na kichwa kimelala. Kwenye mpango wa muhula wa kwanza hesabu asilimia 60 tu ya zilizobaki, yaani 15. Hilo ni somo moja kwa raha, au mawili kama moja unalijua nusu tayari.

Sasa hesabu ya haraka yako. Ukichukua matano ukafeli mawili, unalipia saba. Somo ulilofeli likiwa sharti la kuingilia jingine, na likifundishwa mara moja kwa mwaka, umepoteza mwaka mzima kwa kukimbilia miezi minne.

---

Ngumi Jiwe

Sawa, hesabu nimeielewa. Lakini programu nyingi zina ukomo. Ukizidisha miaka fulani usajili unafutwa.

---

BintiTakwimu

Hapo nakupa alama zote. Ukomo upo, na uingie kwenye hesabu siku ya kwanza. Gawa krediti zilizobaki kwa mihula iliyobaki kabla ya ukomo, upate mwendo wa chini kabisa. Kama zimebaki krediti 90 za masomo ya krediti 6, ni masomo 15. Miaka 5 yenye mihula 2 ni mihula 10, kwa hiyo wastani ni somo 1.5 kwa muhula. Anza na 1, ukishajua uwezo wako panda hadi 2. Kasi halali inatoka kwenye krediti zilizohamishwa, ujuzi uliotambuliwa na mihula mifupi ya likizo.

Chora pia mnyororo wa masomo yenye masharti. Mnyororo mrefu ndio unaoamua muda wako wa chini. Kama Hesabu I inafungua Takwimu, Takwimu inafungua Mbinu za Utafiti, na Mbinu inafungua Tasnifu, hiyo ni mihula minne hata ungekuwa huna kazi wala familia. Somo la kwanza la mnyororo lichukue mapema, yale ya hiari yatasubiri.

---

Fundi Aljebra

Na kwa kuwa karibu kila mnyororo unaanzia kwenye hesabu, nikae hapo kidogo. Vyuo vingi hukupa mtihani wa kupima kiwango. Matokeo yake yanaamua kama unaanza na somo lenye krediti au unapelekwa kwenye la matayarisho, unalolipia bila kupata krediti. Watu wanaufanya bila kujiandaa, eti "nijue nilipo". Usifanye hivyo. Jiandae wiki 6.

Dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni saa 24 jumla. Mpangilio wa mada ni sehemu, namba hasi, uwiano na asilimia, milinganyo, vipeo, grafu, kisha logi. Usianze na logi kwa kuwa ndiyo inayotisha. Anayekosea logi mara nyingi amekosea vipeo, na anayekosea vipeo amekosea sehemu.

Gawa hizo dakika 40 hivi: 10 za kwanza rudia maswali ya jana bila kuangalia daftari, 20 mada mpya, 10 za mwisho daftari la makosa. Daftari hilo lina safu tatu: swali, nilichofanya, kwa nini. Safu ya tatu ni ya lazima. Baada ya wiki mbili utaona makosa yako si mengi, ni machache yanayojirudia. Ya kawaida kabisa:

1/2 + 1/3 kuandikwa 2/5. Jibu ni 5/6.
−(x − 3) kuandikwa −x − 3. Jibu ni −x + 3.
Bei ikishuka 20% kisha ikapanda 20%, mtu anasema imerudi palepale. Imefika 96 kwa kila 100, kwa sababu ile 20% ya pili inachukuliwa kwenye 80.
log(a + b) kugawanywa kuwa log a + log b. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha, si ya kujumlisha.

Kikokotoo: fanyia mazoezi chenye modeli inayoruhusiwa kwenye mtihani. Ukikishika ndani ya chumba cha mtihani, andika sin 30. Kikitoa 0.5 kiko kwenye digrii. Kikitoa −0.988 kiko kwenye radiani, na bila kubadilisha utakosa kila swali la pembe huku njia yako yote ni sahihi.

---

Mwanagenzi40

Asante sana Fundi. Na kumbukumbu je? Kichwa cha miaka 40 na zaidi kinashika?

---

Kalamu Nyekundu

Kinashika, ila njia ya zamani ya kusoma daftari mara tano ndiyo isiyoshika, hata kwa kijana. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima 2006. Waliosoma tena na tena walikumbuka asilimia 83 baada ya dakika 5, waliojipima kwa kukumbuka bila kitabu walikuwa 71. Baada ya wiki moja hesabu ikapinduka: waliosoma tu walibaki na 40, waliojipima 61. Kusoma tena kunakupa hisia ya kujua. Mtihani haupimi hisia hiyo.

Kwa vitendo: ukimaliza ukurasa, funika, andika hoja zake kwenye karatasi tupu, funua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho, halafu baada ya siku 3, kisha wiki, kisha wiki 2. Dakika zako 20 za kwenye basi zinafaa kwa hili kuliko kwa kusoma sura mpya.

Tatizo halisi la mtu mzima liko kwingine. Anajua kazi, basi swali la mtihani analijibu kwa "sisi kazini tunafanya hivi". Msahihishaji ana mwongozo wa alama unaotaka nadharia. Anza na fasili na hoja za somo, kisha weka mfano wa kazini kama ushahidi. Ukigeuza mpangilio, mfano mzuri unapata alama 2 kati ya 10.

Marejeo yaanze siku ya kwanza. Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure na inapanga orodha yenyewe, ila kagua kila kipengele kwa macho kwa kuwa taarifa inazovuta kwenye mtandao mara nyingi zina herufi kubwa zisizo mahali pake na miaka iliyokosekana. Na soma kanuni ya chuo kuhusu programu za akili bandia kwa kila somo. Mhadhiri mmoja anaruhusu, wa pili anakupeleka kwenye kamati ya nidhamu.

---

Mhasibu wa Zamu

Nimekuja na upande wa fedha. Mambo matatu tu, ila yanauma.

Omba mchanganuo wa ada wa programu nzima, usiridhike na wa muhula mmoja. Ada ya masomo ndiyo inayotangazwa. Usajili, mitihani, mafunzo kwa vitendo, usimamizi wa tasnifu, bima, joho na cheti hujitokeza njiani. Tenga asilimia 10 hadi 15 juu ya jumla kwa ajili ya somo la kurudia. Kama hutalihitaji, vizuri.

Mkopo: uliza riba ni ya bapa au ya salio linalopungua. Ukikopa 100 kwa riba ya bapa 12% kwa mwaka, miaka 3, unarudisha 136 kwa mafungu 36. Inasikika kama 12%. Lakini unalipia riba ya 100 hata mwezi wa 30 ambapo deni lenyewe limebaki dogo. Ukiigeuza kwenye salio linalopungua ni karibu 21% kwa mwaka.

Mwajiri akikulipia, soma kifungu cha kubaki kazini. Kifungu chenye haki hupungua kwa miezi: umeahidi 24, umeondoka baada ya 15, unarudisha 9/24, yaani 37.5%. Kifungu kibaya hudai yote hata ukibakiza wiki moja. Angalia pia muda unaanza lini, siku ya malipo au siku ya kuhitimu, na inakuwaje wewe ukipunguzwa kazi. Mambo haya yanajadiliwa kabla ya saini. Baada ya saini ni kuomba huruma.

---

Mzee wa Masjala

Kabla hatujahamia kwenye kurudisha fadhila, onyo moja. Mtu mzima akizidiwa hunyamaza na kutoweka. Mfumo haujui kama umeuguliwa. Unaona hukufanya mtihani na unaandika sifuri. Sifuri tatu, umedisko, yaani umeondolewa chuoni. Kuna tarehe ya mwisho ya kuondoa somo bila alama, na nyingine ya kuahirisha muhula. Ziandike kwenye kalenda siku ya usajili. Barua ya nusu ukurasa yenye namba ya usajili, masomo, sababu, kiambatisho na tarehe ya kurudi inakuokolea GPA. Peleka kwa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi ubaki nayo. Sapu (mtihani wa marudio) inafutika, sifuri za kutoweka ni ngumu kufuta.

---

Dada Mfuko

Nimengoja sehemu hii. Kurudisha hakungoji uhitimu wala utajiri, ila kuna namna ya kutoa inayomaliza fedha bila kumfikisha mtu.

Kosa la kwanza ni kukimbilia ufadhili wa kudumu wenye jina lako. Mfuko wa kudumu hutumia kama 4% kwa mwaka ili mtaji usiliwe na mfumuko wa bei. Kwa hiyo kulipa ada 1 kila mwaka milele unahitaji ada 25 leo. Ada 25 hizohizo zingewamalizisha watu 6 wa miaka minne, sasa hivi, na ikabaki 1. Kama huna 25, fungua mfuko wenye mwisho, tuseme wa miaka 8, na useme wazi kuwa utaisha.

Pengo linalomkwamisha aliyerudi ukubwani mara nyingi ni dogo: ada ya mtihani, salio la muhula wa mwisho, mlezi wa mtoto wiki ya mitihani. Georgia State University ya Marekani tangu 2011 imekuwa ikifuta madeni madogo ya wanafunzi waliokaribia kumaliza ambao wangeondolewa kwenye masomo kwa ajili ya salio hilo. Hapo kiasi kidogo kinaokoa kazi ya miaka mitatu.

Pili, vigezo. Fadhili nyingi zina masharti ya umri usiozidi kiasi fulani, au kusoma kutwa nzima. Ukiyanakili hayo umemfungia mlango yule uliyemkusudia. Andika: anayesoma kwa muda anaruhusiwa, aliyewahi kuacha chuo anaruhusiwa, fedha zaweza kulipia nauli na malezi ya watoto. Usibane mno. Mfuko wa "mwanamke mjane, mwaka wa tatu, uhandisi wa maji" utakaa miaka bila mwombaji. Weka kifungu kwamba asipopatikana wa sifa hizo miaka 2 mfululizo, kamati itampa anayekaribiana naye.

Tatu, uliza chuo kama ufadhili wako utampunguzia mlengwa msaada mwingine. Vipo vyuo ambavyo ukileta 10, wanamwondolea 10 waliyokuwa wampe wao, wakampa mwingine. Mwanafunzi hajapata kitu. Mkubaliane kwa maandishi kwamba kwanza ipunguze mkopo au sehemu anayolipa mwenyewe.

---

Ngumi Jiwe

Si bora kuwakopesha? Akimaliza arudishe, fedha izunguke kwa mwingine.

---

Mhasibu wa Zamu

Inazunguka huku ikiyeyuka. Wakirudisha asilimia 80, ambayo si haba, 100 inakuwa 80, kisha 64, kisha 51.2. Mizunguko mitatu, nusu imekwenda. Unahitaji michango mipya ya 20 kila mzunguko, au ukubali kwamba ni mfuko unaoisha. Na kuna gharama ya kufuatilia: mikataba, simu, lawama. Kwa viwango vidogo toa moja kwa moja, umwambie aliyepokea akiweza naye amsaidie mwingine, bila daftari la deni. Kwa viwango vikubwa weka daftari la kweli. Mali bila daftari huisha bila habari.

Lipa kwenye akaunti ya chuo kwa namba ya usajili ya mwanafunzi, dai stakabadhi yenye jina lake, na hakiki kwa mwanafunzi kwamba salio limeshuka. Malipo bila namba hukaa kwenye akaunti ya muda, na yeye anazuiwa mlangoni mwa mtihani huku umeshalipa.

Anayedhani hili ni la matajiri asome kuhusu Oseola McCarty, mfuaji nguo wa Hattiesburg, Mississippi. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba dola 150,000 za akiba yake zingekwenda University of Southern Mississippi kwa ajili ya ufadhili. Alichofanya vizuri kiufundi ni kuyapanga akiwa hai, kupitia benki, kwa mgawanyo ulioandikwa: sehemu ya kanisa, sehemu za ndugu, na asilimia 60 ya chuo. Hapakubaki cha kugombaniwa.

---

Mwanagenzi40

Na asiye na fedha kabisa, ila anataka kurudisha?

---

Kalamu Nyekundu

Saa zako. Ahidi saa 1 kila wiki mbili kwa mtu mmoja, kwa muhula mmoja, yaani kama saa 8 tu. Ahadi za "nipigie wakati wowote" hazitumiki. Anayehitaji msaada ndiye anayeona aibu kupiga. Kazi zenye faida kubwa kwa saa chache: kusoma jalada lake la ujuzi ukiwa na muhtasari wa somo mkononi, kumfanyia utetezi wa majaribio wa tasnifu, na kumkumbusha zile tarehe za kuahirisha alizozitaja Mzee.

Na usimpige picha akipokea hundi kubwa ya maboksi ya maonyesho. Wapo wanaoacha msaada ili kazini wasijulikane kama wamerudi shule.

---

Mzee wa Masjala

Nami naongeza moja isiyogharimu kitu. Mihtasari ya masomo ndiyo inayokwamisha wengi, na inakosekana kwa sababu idara hubadilisha mtaala na kutupa wa zamani. Kila muhula, wiki ya kwanza, pakua mihtasari ya masomo yako yote, hata ambayo unadhani hutahitaji. Hifadhi kwa PDF, jina la faili liwe mwaka, muhula, msimbo, jina la somo: 2025_1_ST101_Takwimu. Nakala moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja mtandaoni. Kisha chama cha wahitimu cha idara yako kiwe na kabati la pamoja la mihtasari hiyo, mwaka kwa mwaka. Ambatisha na ukurasa unaoonyesha saa za somo na jina la kitabu cha kiada, maana hivyo ndivyo vinavyoulizwa.

---

Mwanagenzi40

Mzee, ile ya mwaka niliosoma mimi idara inasema haipo.

---

Mzee wa Masjala

Jaribu kwa mpangilio huu. Kwanza maktaba ya chuo, sehemu ya hifadhi: kitabu cha mwongozo wa chuo cha kila mwaka huwa na maelezo mafupi ya kila somo. Pili, ofisi ya mamlaka ya ithibati, kwa kuwa chuo kiliwasilisha mtaala huo kilipoomba kibali. Tatu, waliosoma nawe. Mmoja ana boksi chini ya kitanda. Vikikosekana vyote, omba idara ikuandikie barua inayosema somo lilihusu mada gani, kwa saa ngapi, ikisainiwa na mkuu wa idara. Ukiipata barua hiyo omba nakala tano kwa mkupuo mmoja.